Visanduku Vinne

Nyamizi amesukuma pembeni sahani ya maharage,
akachora dirisha kwenye karatasi:
mstari wa kusimama, mstari wa kulala,
vyumba vinne visivyo na mlango.
Nje, Lewiston imezimwa na theluji,
lori la chumvi linapita mtaani likikohoa,
nami bado nanuka sabuni ya hospitali,
mashuka mia sita tangu alfajiri.

"Baba, nisikilize maneno."
Kesho ana mtihani wa Bwana Pelletier.
Aleli: sura mbili za jeni moja.
Jeni tawala: ikiwepo, lazima ionekane.
Jeni fifi: haifi, inafifia tu,
inakaa kimya hadi ikutane na mwenzake.
"Kama baba yako kwenye kikao cha wazazi,"
mama yake anadakia, mikono ndani ya povu.
Jenotipu ni kilichoandikwa.
Fenotipu ni kinachosomeka usoni.

Tunapimana masikio. Ndewe zangu zimening'inia,
za mama yake zimeshikana na shavu,
za Nyamizi, sijui tuseme nini.
Bwana Pelletier kasema masikio yana mambo mengi
kuliko kitabu kinavyokiri.
Namwambia kwetu tulimaliza kwa sentensi moja:
mtoto wa nyoka ni nyoka.
"Nyoka yupi, Baba? Wazazi ni wawili."

Halafu swali la sita.
Baba ana A na S. Mama ana A na S.
Wote wazima, wanalima, wanacheza ngoma.
Penseli yake inashuka, inavuka:
AA. AS. AS.
Chumba cha mwisho anaandika taratibu, S na S,
anatamka kwa Kiswahili ili nimsahihishe:
selimundu.

Mundu naujua.
Tuliukatia mpunga kule Igunga, Kulwa na mimi,
na Shija, aliyezaliwa nyuma yetu mapacha,
aliketi kivulini amekumbatia magoti,
macho ya manjano, mifupa inamlilia.
Juni, baridi ikiingia, hakulala.
Alikuwa na miaka tisa.
Baada ya matanga watu walitafuta mkono,
maana kifo cha mtoto hakikosi mkono,
wakauona kwa shangazi Mbuke,
asiye na mtoto, mwenye macho mekundu ya moshi.
Aliondoka na chungu kimoja na kuku.
Sikumsindikiza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
ningeweza kubeba yule kuku.

"Baba, unalia?"
Ni sabuni, nasema.
Namuuliza: kwenye dirisha hilo, mchawi anakaa wapi?
Anaangalia karatasi kwa bidii,
kwa sababu ni mtoto anayeheshimu maswali.
"Hakuna chumba chake."
Na baada ya huyu mgonjwa, wanaofuata wamepona?
"Hapana. Kila mimba ni sarafu mpya,
sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana."
Kisha ananitazama, penseli hewani:
"Wewe uko chumba kipi?"

Si cha mwisho; nimefika hapa.
Vimebaki vitatu, na viwili kati ya hivyo vina mundu
uliolala kwenye ala.
Mama yake ameacha kuosha vyombo.
Jumatatu tutakwenda kupimwa, anasema, sote watatu,
na sauti yake ni ile ya kulipa kodi ya nyumba.

Saa nne ya usiku hapa, kwake kunakucha.
Simu inaita muda mrefu.
Anapokea kama anayeshika kaa la moto:
"Nani kafa?"

Hakuna, shangazi. Hakuna aliyekufa leo.
Toka nje kidogo, tafuta kijiti,
chora kwenye vumbi mbele ya mlango wako.
Mstari mmoja usimamishe.
Mmoja ulaze.